Piga Basi, Papa!

Mwezi huu zamu ya kuandika imeniangukia mimi. Wenzangu waliotangulia waliandika mambo mazito, safari, shule, wazazi waliobaki nyuma. Mimi nitaandika juu ya puli. Najua kuna watakaosema, huyu naye amekosa la kuandika. Nivumilieni kidogo, kwa sababu habari yenyewe ni ya kuvumilia.

Kwa wasiopajua, Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yaani ina umri mkubwa kuliko wazazi wa wengi wetu. Sisi tunasema kambi, ingawa kwenye makaratasi ni makazi, na hakuna uzio. Ninapokaa kuna kibanda cha mabati chenye meza moja ya puli. Kule kwetu Kivu tulikuwa tunaita biyari, hapa tumezoea kusema puli. Kitambaa cha meza kimeshonwa sehemu mbili, na upande mmoja umelala kidogo, kwa hiyo ukipiga taratibu mpira unajipeleka wenyewe kwenye kona ya mlangoni. Mgeni hajui hilo. Sisi wenyeji tunalijua na hatumwambii.

Meza yetu ni ya sarafu. Unaweka 500, unasukuma kile chuma, mipira 15 inashuka kwa kishindo. Mpira ukishaingia shimoni haurudi, unalala ndani ya tumbo la meza mpaka mtu aweke sarafu nyingine. Mweupe peke yake ndio unaorudishwa. Sheria ya kibanda ni kwamba mshindi anabaki mezani, na anayekuja kumpinga ndiye anayelipa. Ukitaka kucheza unaweka sarafu yako kwenye ubao wa meza, nyuma ya sarafu za wenzako. Hiyo ndiyo foleni yetu. Hata ukienda kuteka maji, sarafu yako inakushikia nafasi na hakuna anayeigusa.

Sasa angalieni kitu kimoja. Meza haihesabu dakika, inahesabu sarafu. Mchezo wa dakika tano na mchezo wa dakika arobaini bei ni moja. Ndiyo maana mwenye meza anawapenda wachezaji wa haraka, na ndiyo maana alikuwa hampendi hata kidogo mtu tuliyekuwa tunamwita Papa Polepole.

Papa Polepole ni mzee wa makamo kutoka upande wa Fizi. Alikuwa anafika saa kumi na moja jioni, na shati lake limefungwa vifungo mpaka juu. Anaweka sarafu yake, anakaa, anangoja. Ikifika zamu yake, mateso yanaanza. Kwanza anachagua fimbo, na fimbo ziko mbili tu. Anapaka chaki. Anazunguka meza kulia, anachuchumaa kwenye kona, anaangalia. Anainuka, anazunguka kushoto, anaweka kiganja chake kati ya mpira na shimo kama fundi anayepima kitambaa. Anarudi kwenye mweupe. Anainama. Unasema, sasa anapiga. Hapana. Anasimama tena, anapaka chaki tena.

Na akipiga, hapigi ili mpira uingie. Anausogeza tu. Anapeleka mpira wake kwenye mdomo wa shimo, unakaa pale kama mlinzi mlangoni, wewe huwezi kupita. Halafu mweupe anauficha nyuma ya mipira yake. Ukishindwa kugusa mpira wako ni faulu, na kwetu faulu ni mapigo mawili kwa mwenzako. Mapigo hayo mawili nayo anayatumia kusogeza tu. Vijana wanapiga kelele: "Piga basi, Papa! Utapiga leo ao kesho?" Yeye anajibu bila kuinua kichwa: "Mutoto yangu, unakimbia wapi? Mupira iko pale, haitaenda."

Mimi kwa puli si mbaya. Nasema hivyo bila kujisifu, waulizeni watu wa hapa. Nacheza haraka, naona, nainama, napiga. Siku ikiwa nzuri nakaa mezani saa nzima kwa sarafu moja. Lakini Papa Polepole alinifunga mara tano mfululizo. Tano! Na sikuweza kusema kwamba ananizidi, kwa sababu sijawahi kumwona akiingiza mipira mitatu kwa zamu moja.

Nilikaa nikafikiri ananifungaje. Nikagundua hanifungi yeye, najifunga mwenyewe. Mchezo wangu ni wa kwenda na mwendo. Mkono ukishashika joto, kila pigo linaita lingine. Yeye anakaa dakika nne kwenye pigo moja, mimi nimesimama na fimbo, mkono unapoa, kichwa kinachemka. Zamu yangu ikifika sichezi dhidi ya mipira tena, nacheza dhidi ya yeye. Nataka kumwonyesha jinsi mtu anavyopaswa kucheza. Napiga kwa nguvu mpira ambao hata mtoto angeuacha, mweupe unaingia shimoni, na Papa anapata mapigo yake mawili. Anapaka chaki.

Siku moja rafiki yangu alinionyesha kwenye simu kwamba si mimi wa kwanza. Kuna mchezo ndugu wa puli unaitwa snuka, una meza kubwa zaidi. Mwaka 2005, kwenye ubingwa wa dunia kule Sheffield, Uingereza, Ronnie O'Sullivan alikutana na Peter Ebdon katika robo fainali. O'Sullivan ni mtu wa kasi. Mwaka 1997 alimaliza meza nzima, pointi 147, kwa dakika tano na sekunde chache. Ebdon siku ile alitumia zaidi ya dakika tano kupata pointi 12 tu. O'Sullivan alikuwa anaongoza 8 kwa 2. Akawa anajikunyata kwenye kiti, mpaka akamuuliza mtazamaji saa ngapi. Mwisho alishindwa 13 kwa 11. Niliitazama video ile nikajiona mimi mwenyewe pale kwenye kiti. Kama inampata bingwa, mimi wa Nakivale ni nani?

Rafiki yangu akasema dawa ipo, ni saa. Na kweli, sheria za puli za kimataifa zina jambo hilo. Mwamuzi akiona mtu anachelewa mno anamwonya, na asipobadilika anaweza kuwekewa muda kwa kila pigo, na muda unaopendekezwa ni sekunde 35. Ukizidisha, ni faulu. Tukafurahi sana. Tukasoma haraka, kama kawaida yangu. Kuna maneno tuliyaruka, nitayarudia chini.

Wakati huo kikundi chetu kilikuwa kinaandaa mashindano madogo ya puli. Zawadi ilikuwa jezi na mafuta ya kupikia lita tatu. Tukatangaza sheria mpya: mchezaji akichelewa, watazamaji watahesabu mpaka thelathini. Papa Polepole alikuja akaandikisha jina. Ninakiri mbele yenu, ile sheria tuliitunga kwa ajili yake. Hatukumtaja, lakini kila mtu alijua, na nadhani yeye pia alijua.

Mchezo wake wa kwanza alipangwa na mimi. Kibanda kilijaa mpaka watoto wakapanda dirishani. Alipoanza kuzunguka meza, wakaanza: "Moja! Mbili! Tatu!" Mwanzo alicheka. Walipofika ishirini akaharakisha, akainama bila kuzunguka upande wa pili, akapiga. Mweupe ukapita pembeni kabisa ya mpira wake, haukugusa kitu. Watu wakalipuka kwa vicheko. Pigo lililofuata, hivyo hivyo. La tatu akapiga mpira wangu badala ya wake. Akaweka fimbo juu ya meza taratibu, akanipa mkono, akasema, "Umeshinda, kijana," akatoka. Hatukuwa hata tumefika katikati ya mchezo.

Nilishinda yale mashindano. Jezi ninayo. Lakini kuna kitu kilinikera kichwani: mimi sikuhesabiwa hata mara moja. Mara mbili nilichelewa kuamua, na hakuna aliyefungua mdomo.

Papa hakuonekana kibandani wiki ile, wala iliyofuata. Sasa lazima niwaambie kazi yangu. Mimi nimemaliza S4, na ninajitolea kama mkalimani. Watu wanakuja na shida zao, mfanyakazi wa shirika anauliza kwa Kiingereza, mimi nageuza kwa Kiswahili na kurudi. Siku nyingine tunatembelea nyumba. Wiki ya tatu tukapita mtaa wa Papa Polepole, nikamkuta amekaa nje anachambua maharage na mjukuu wake.

Nikamsalimia, nikaomba radhi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nikamwambia, Papa, nimeelewa. Wewe una sarafu moja tu kwa siku, ndiyo maana unaicheza polepole idumu, na sisi tukakucheka kwa ajili ya umaskini. Nilijiona mwenye akili sana. Papa akacheka mpaka akashika mbavu.

"Eh, mutoto yangu! Mia tano? Mia tano siikosi. Naenda polepole kwa sababu sioni."

Akaniambia kwamba mpira ulio karibu anauona vizuri, ila "ile mupira ya kule naona kama wingu tu." Rangi anazitofautisha akiwa karibu. Namba hazioni mpaka achuchumae. Kwa hiyo anazunguka meza ili aende kwenye mpira wenyewe, anauangalia ni wa nani, anaushika kichwani, anarudi, anapima kwa kiganja, anapiga kwa kukumbuka. Anacheza puli kwa kumbukumbu! Kusogeza mpira mdomoni mwa shimo ni kwa sababu mpira ulio pale anajua uko wapi. Yule mtu alikuwa ananifunga nusu kipofu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanyamaza kidogo, halafu akasema bila hasira, "Nilisema. Nilikuja pale kwenu mara mbili. Wewe ndiye uliyekuwa unatafsiri."

Ndugu zangu, nilikumbuka. Si mara ya kwanza, lakini ya pili niliikumbuka vizuri. Foleni ilikuwa imefika kwenye mti wa maembe, jua kali. Papa alianza habari yake kutoka mbali, alipotoka nyumbani, njiani, nani aliugua. Mimi nikamwambia, "Papa, fupisha, watu ni wengi." Akafupisha. Alisema kichwa kinauma, nikatafsiri kichwa kinauma, akaandikiwa aende zahanati, akapewa dawa ya maumivu. Neno macho lilikuwa mbele kwenye hadithi yake, na hakulifikia. Mfanyakazi aliyekuwa anamsikiliza hana kosa. Aliandika alichosikia kwangu.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilijiuliza ni wangapi nimewahesabia mpaka thelathini pale mezani kwetu bila kupiga kelele. Mama anayerudia jambo moja mara tatu. Kijana anayeangalia chini kabla ya kujibu. Nilikuwa naona ni watu wanaotuchelewesha. Labda nao walikuwa wanazunguka meza, wanatafuta mpira uko wapi.

Kesho yake nilimweleza mfanyakazi ninayefanya naye kazi, ukweli wote, pamoja na kosa langu. Papa akaandikiwa upya kwa ajili ya macho. Sitaki kuwadanganya kwamba alipata miwani wiki ile. Mpaka ninapoandika hii anangoja, na kungoja huko mnakujua wenyewe. Lakini karatasi yake sasa inasema kitu cha kweli.

Nimeahidi puli, narudi kwenye puli. Nimejifunza jinsi ya kucheza na mtu wa polepole, nawapa bure.

La kwanza, kubalianeni kabla ya mchezo. Yale maneno tuliyoyaruka kwenye sheria za kimataifa ni haya: mwamuzi akiweka muda, muda unawahusu wachezaji wote wawili. Siyo mmoja. Na ni mwamuzi anayeweka, siyo kibanda kizima kinachopiga kelele. Siku hizi kwenye mashindano yetu mtu mmoja anashika simu yenye saa, anasema kwa sauti ya kawaida "bado sekunde kumi," kwa kila mtu. Na mwenye sababu anaisema mapema, tunamwongezea.

La pili, kaa chini. Ukisimama na fimbo mkononi, mwili unadhani zamu yako imefika, unachoka bure. Mimi sasa nakaa kwenye kreti, fimbo naiegemeza ukutani.

La tatu, angalia meza, usimwangalie mtu. Nilikuwa namwangalia Papa anavyopaka chaki, nahesabu. Chaki yake inanihusu nini? Sasa natumia muda wake kuchagua mapigo yangu mawili, moja akiniachia nafasi na lingine akinifungia. Mtu wa polepole anakupa zawadi ya muda, na mimi miezi yote ile nilikuwa naitupa.

La nne, usipige haraka ili kumfundisha. Hajifunzi, na wewe unakosa. Piga kwa mwendo wako wa kila siku. Kabla ya kuinama chezesha mkono mara mbili tatu hewani ili upate joto tena.

La tano, akificha mweupe na wewe ficha. Nilikuwa naona kujihami ni uoga. Lakini kama hakuna nafasi, hakuna. Sogeza mpira wako, muachie tatizo yeye.

La mwisho, jua ni polepole ya namna gani. Kuna anayechelewa makusudi ili akuudhi. Huyo utamjua, anakuangalia wewe kuliko mipira, na anaharakisha akiwa anaongoza. Kwa huyo tumia saa na mwamuzi, usigombane. Kuna anayeogopa kukosea mbele ya watu. Huyo ukimpigia kelele unamuua, ukinyamaza anachangamka. Na kuna mwenye sababu ambayo hujaijua. Wa tatu huyu ukimwangalia haraka anafanana kabisa na wa kwanza. Mimi nilikosea hapo.

Papa Polepole alirudi kibandani. Haikuwa rahisi, nilimfuata mara mbili nyumbani. Sasa kuna mtoto mmoja, mjukuu wake, anayesimama upande wa pili wa meza na kumwambia, "Ile ni ndogo, namba nne," au "Ile ni yake, babu." Mwenye meza alinung'unika, ati huo ni ushauri, kwenye puli hairuhusiwi. Tukapiga kura. Mtoto anaruhusiwa kutaja namba tu, hasemi pigo. Michezo ya Papa imepungua, sasa ni kama dakika ishirini. Bado ni mirefu, lakini mwenye meza amepoa.

Juzi tulicheza tena. Alibakiwa na mweusi, mimi pia nilibakiwa na mweusi. Alizunguka meza, akapima kwa kiganja, akapaka chaki, akapiga. Mweusi ukaenda ukaenda, ukasimama kwenye mdomo wa kona ya mlangoni, ukagoma kuingia. Kibanda kizima kikapiga ukelele. Mimi nilikuwa na pigo ambalo hata ukifumba macho unaingiza.

Nikachukua fimbo. Ila mweupe ulikuwa umekaa vibaya kidogo, ningeweza kuuangusha pamoja na mweusi, na hapo ningekuwa nimeshindwa. Nikazunguka kwenda kuangalia upande wa pili. Nikachuchumaa. Nikarudi, nikapaka chaki.

Papa alikuwa amekaa kwenye kreti yangu. Akasema kwa sauti ili kila mtu asikie: "Piga basi, kijana! Utapiga leo ao kesho?"

Niliuangusha wote wawili. Amenifunga mara ya sita.

Na ninyi wa Nyarugusu na Kakuma, semeni, kwenu mtu wa polepole mnamfanyaje?